Onyo Lilikosa Basi

Chupa sita za Manda zimepangwa dirishani,
vifuniko kijani, kibandiko kimeandikwa haritaki
kwa herufi za dhahabu, na chini yake picha ya jani
ambalo, haki ya Mungu, si la hirda.
Jani la hirda nalijua. Nimelifagia
tangu meno ya utoto hadi koti jeupe,
uani kwa Aji, milimani juu ya Junnar,
kabla sijashuka kusomea ugawaji wa dawa.

"Ni tunda tu," asema Manda,
mkono mmoja chupani, mwingine tumboni,
mimba ya mwezi wa tano.
"Leo siku ya nne sijapata choo.
Na soma mwenyewe: asilia, salama kwa wote."

Wote.
Neno halina mlango, halina bawabu.

Nikamwaga ya chuoni:
kwamba unga uliokamuliwa nguvu si sawa na tunda la kumung'unya,
kwamba wajawazito waliochunguzwa nayo hawajazi kiganja,
kwamba vidonge vingine vimewahi kukutwa na risasi,
si ya bunduki, ile ya betri kuukuu,
ambayo nayo huua, ila haina mlio.
Manda akapiga miayo.
"Ninyi wa makoti meupe mnaogopa miti."
Akampigia Aji, anikomeshe.

Aji alikuwa kwenye lile jabali pekee linaloshika mtandao,
hirda zimeanikwa kumzunguka,
changa, zilizochumwa kabla kokwa halijakomaa.
Akatuzungusha kwa kamera: tukaona anga, ndala, kidole gumba.
Hirda aliisifu. Ilimtoa baba yetu kikohozi.
Aliisugua juu ya jiwe kwa tone la maji
akatulambisha sote, hata mimi mwenye koti.
Wakati wa mvua huliwa na chumvi ya mawe,
wakati wa joto na sukari guru.
Manda akanitazama kwa jicho la ushindi.

"Lakini wewe, mwanangu, ya nini?"
Manda akaonyesha tumbo.
Kimya. Upepo tu kwenye simu.

"Hirda ni mkunga," Aji akasema. "Kazi yake kushusha.
Nani humwita mkunga mwezi wa tano?"
Kisha, kama afungaye madirisha ya nyumba moja moja:
si ya mjamzito,
si ya aliyefunga, si ya aliyekondeshwa na homa,
si ya aliyetembea juani akakosa maji.
"Hawakuwaambia huko mjini?"

Hawakutuambia, Aji.
Tunda lilishuka mlimani ndani ya magunia,
likapita kwa mchuuzi aegemezaye kidole kwenye mizani,
likapita kiwandani, likasagwa, likavishwa ganda laini,
likapewa jina la Kisanskriti na jani la kuazima.
Onyo lilikosa basi.
Limebaki juu ya jabali, na kikongwe wa miaka themanini na moja,
chaji asilimia sita.

Usiku ule Manda alikula zabibu zilizolowekwa, akanuna.
Asubuhi nikahesabu chupa: tano.
Moyo ukanipasuka,
hadi nikamwona Ganpat, mumewe,
akitoka chooni mara ya tatu, jasho, mikono ikitetemeka,
yeye amezaye vidonge vya kisukari kila alfajiri
na ambaye, katika mabishano yote yale,
hakuna aliyemuuliza.
"Mimi sina mimba," akajitetea.

Nikatia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai yake,
nikamsimamia hadi akaimaliza.
Kisha nikatwaa kalamu, na juu ya kifuniko kijani
nikaanza kuandika maneno ya Aji.
Nafasi haikutosha. Nikaigeuza chupa,
nikaandika juu ya lile jani.